Kumpeleka Mzee Makaoni Si Kumtupa

KWA muda wa miezi minne katika mwaka wa 2022, kila asubuhi kabla ya kwenda shuleni kuwafunza watoto wa wenzangu lugha na adabu, nilikuwa nikimfungia shangazi yangu chumbani kwa kufuli. Nilimwachia chai katika chupa, mkate, ndoo, na redio iliyowashwa. Kisha niliutia ufunguo mfukoni nikaenda zangu. Nayaandika haya nikijua kwamba baadhi ya wanafunzi wangu wa zamani watayasoma, na kwamba huenda wakanitazama kwa jicho jingine. Lakini mficha maradhi kifo humuumbua, nami nimeona ni heri aibu hii inipate mimi hadharani kuliko kuendelea kuwaangamiza wazee walio nyuma ya milango iliyofungwa mitaani mwetu.

Neno langu la leo ni moja, msomaji mpendwa. Kumpeleka mzee aliyepatwa na maradhi ya kusahau katika makao ya wazee si kumtupa, maadamu makao hayo yamechaguliwa kwa jicho la mgonjwa mwenyewe badala ya jicho la jamaa zake, na maadamu aliyempeleka hachoki kurudi.

Shangazi ninayemtaja ni dadake marehemu baba, na kwa lugha yetu ya Kilogooli humwita senge. Alizaliwa mwaka wa 1941 katika eneo ambalo sasa ni Kaunti ya Vihiga, akaanza kazi ya ualimu wa shule ya msingi mwaka wa 1962, akastaafu mwaka wa 1996 akiwa na umri wa miaka 55, kama ilivyokuwa kanuni ya wakati huo. Mungu hakumjalia mtoto wa kumzaa, lakini baba yetu alipofariki, yeye ndiye aliyetulipia karo mimi na ndugu yangu mkubwa hadi tukamaliza shule ya upili. Kwa miaka mingi alifundisha darasa la kwanza. Nusu ya watu wazima wa kijiji chetu walifunzwa naye kushika kalamu. Hata leo wanaume wenye mvi humwita Mwalimu, na wakimwona huficha sigara.

Maradhi yake hayakuja kwa kishindo. Mwaka wa 2018 alianza kuuliza swali moja mara tatu katika mazungumzo mamoja. Mwaka uliofuata alitia chumvi katika mboga, akatia tena, akatia tena, na tulipokataa kula alituambia kwamba tumeharibiwa na vyakula vya mjini. Kisha, mwaka wa 2020, alipotea njiani akitoka soko la Chavakali kwenda nyumbani, njia ambayo alikuwa ameipita kwa zaidi ya miaka hamsini. Alipatikana usiku wa manane katika migomba ya jirani, kanga imemvuka, akiwaita wanafunzi wake waingie darasani.

Hapo ndipo minong'ono ilipoanza. Huku kwetu magharibi mwa Kenya, mtu anayeonekana nje usiku akiwa nusu uchi ana jina lake, nalo si jina la mgonjwa. Nilimpeleka Nakuru, ninakofanyia kazi, kwa sababu niliogopa. Wala hofu yangu haikuwa ya bure. Mwezi wa Oktoba 2021, huko Marani katika Kaunti ya Kisii, kina mama wanne wakongwe waliteketezwa na umati baada ya kusingiziwa uchawi. Katika Kaunti ya Kilifi, wazee wanaotishiwa maisha kwa kisingizio hicho hicho wamekuwa wakikimbilia hifadhi katika kituo cha Kaya Godoma, eneo la Ganze. Sisemi kwamba kila mzee anayesingiziwa ni mgonjwa. Wengi huandamwa kwa ajili ya mashamba yao. Ninalosema ni kwamba mtu mzima anayezurura usiku, anayezungumza na watu wasioonekana, na asiyewatambua jamaa zake, anahitaji daktari kabla ya kuhitaji hukumu.

Daktari wa Nakuru alimwuliza shangazi tarehe, siku na mahali alipo. Alimtajia vitu vitatu na kumtaka avirudie baada ya dakika chache. Kisha alimpa karatasi ili achore uso wa saa. Mwalimu aliyefundisha kusoma saa kwa miaka thelathini na minne alichora duara zuri ajabu, halafu akazirundika tarakimu zote upande mmoja. Aliitazama kazi yake kwa muda, akaisukuma karatasi mbali, akasema, "Mtoto huyu hajasoma."

Hata hivyo, daktari hakukimbilia kutaja ugonjwa. Aliagiza damu ipimwe ili kuchunguza tezi ya shingo, upungufu wa vitamini B12, kaswende na virusi vya ukimwi. Akauliza kuhusu huzuni, usingizi, masikio na dawa zote alizokuwa akitumia. Alitueleza kuwa yapo matatizo yanayoiga maradhi ya kusahau ambayo yanatibika, na kwamba ni dhambi kumwacha mtu apotelee katika kusahau kwa sababu ya tezi tu. Nami nawasihi wasomaji: kabla ya kutafuta makao, tafuteni kwanza daktari.

Vipimo vilipokamilika, aliyataja maradhi yenyewe. Wataalamu huyaita dimenshia, na aina iliyo maarufu zaidi, ambayo Shirika la Afya Duniani linasema ni kati ya asilimia 60 na 70 ya visa vyote, ina jina la daktari Mjerumani, Alois Alzheimer. Mwaka wa 1901, katika hospitali moja mjini Frankfurt, daktari huyu alimpokea mwanamke wa miaka 51 aliyeshindwa hata kumaliza kuliandika jina lake mwenyewe. Mwanamke huyo alipofariki mwaka wa 1906, Alzheimer aliuchunguza ubongo wake kwa hadubini, akaona umesinyaa na kujaa uchafu wa aina ambayo haikuwa imeelezwa vyema hapo awali. Kwa hivyo huu ni ugonjwa wa ubongo, kama vile pumu ilivyo ugonjwa wa mapafu. Shirika hilo linakadiria kuwa zaidi ya watu milioni 55 ulimwenguni wanao, na kwamba wengi wao, zaidi ya asilimia 60, wanaishi katika nchi za kipato cha chini na cha kati, kama yetu. Wanaodhani kuwa ni maradhi ya Wazungu wamepotoka.

Kujua jina la ugonjwa hakukutupatia usingizi. Shangazi alilala mchana na kuamka saa tisa za usiku. Alibisha mlango mmoja baada ya mwingine huku akiita majina ya wanafunzi aliowafundisha katika miaka ya sabini, na asipojibiwa alilia. Mwanangu, aliyekuwa mtahiniwa wa kidato cha nne mwaka huo, alikuwa akisinzia darasani. Wafanyakazi wa nyumbani watatu walituacha katika mwaka mmoja. Wa mwisho alikuwa binti mpole aliyechoka kuitwa mwizi wa rejista. Mke wangu, ambaye ana kazi yake kama mimi nilivyo na yangu, alimwosha, akamlisha na kumbadilisha nepi kabla ya mapambazuko, kisha akaenda kazini macho mekundu. Siku ambayo shangazi alifungua lango na kupatikana kando ya barabara kuu ya kwenda Eldoret, malori yakimpita, ndiyo siku niliyonunua kufuli.

Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Sikulinunua kufuli kwa sababu nilimchukia. Nililinunua kwa sababu nilimpenda na nilikuwa nimechoka, na mapenzi yaliyochoka ni hatari kwa mgonjwa.

Mwishoni mwa Julai nilikuwa katika kidato cha tatu, tukichambua insha kuhusu utu, jirani aliponipigia simu. "Mwalimu, njoo upesi," alisema, wala hakuongeza neno. Nilimkuta shangazi dirishani. Alikuwa amevunja kioo kwa ngumi na kupitisha mkono katikati ya vyuma, akiwasihi wapita njia, "Nifungulieni, watoto wako darasani peke yao." Damu ilikuwa imetiririka hadi kwenye kiwiko. Alishonwa nyuzi tisa. Muuguzi aliyemhudumia aliniuliza ilikuwaje, nikamwambia alianguka. Huo ndio uongo ulionifanya niitishe mkutano wa jamaa.

Tulikutana kijijini mwezi wa Agosti. Nilipotaja makao ya wazee, ndugu yangu mkubwa alisimama. "Mdogo wangu," alisema, "senge alikuuzia ng'ombe wake ili usome, na wewe leo unataka kumpeleka kwa watu asiowajua. Watu watasema hana watu. Mambo hayo ni ya Wazungu. Mrudishe hapa nyumbani." Wazee waliguna kukubaliana naye.

Maneno yake yalinichoma, kwani yana ukweli. Mila zetu ziliwatunza wazee vyema. Hata hivyo, tukumbuke zilivyowatunza. Boma la zamani lilikuwa na wake, mabinti, wajukuu na majirani kutwa nzima. Mzee aliyepotea hatua ishirini alikuwa amekwisha kuonekana na macho kumi. Mkono mmoja haulei mwana, na mkono mmoja hauwezi kumlea mzee pia. Leo boma la ndugu yangu lina watu wawili, yeye na mkewe, kwa kuwa watoto wao wamesambaa mijini. Tena katika mkutano ule hakuna aliyemwuliza shemeji yangu neno lolote, ilhali yeye ndiye ambaye angeamka saa tisa za usiku. Nilipomgeukia na kumwuliza, alisema kwa sauti ya chini, "Mimi mgongo unaniuma, shemeji. Lakini nikiambiwa nimpokee nitampokea." Mkutano ulinyamaza. Naona wengi wetu tunaposema kuwa mila hairuhusu makao ya wazee, huwa tunamaanisha kwamba yuko mwanamke mahali fulani ambaye hatujamwuliza.

Niliwasomea pia Kifungu cha 57 cha Katiba yetu ya mwaka wa 2010. Kinampa mzee haki ya kuishi kwa heshima bila ya kudhulumiwa, na haki ya kupata matunzo na msaada ufaao kutoka kwa jamaa zake na kwa Serikali. Hakisemi atunzwe chini ya paa la nani. Kufuli langu lilikuwa limevunja kifungu hicho katika nyumba ya jamaa yake wa damu.

Aliyetuokoa ni binamu yetu aliye Marekani. Yeye, kama Wakenya wengi walio huko, hujipatia riziki kwa kuwaosha na kuwalisha wakongwe wa wenyewe katika makao ya wazee. Alizungumza nasi kwa simu iliyowekwa katikati ya meza. "Msichague nyumba kwa sakafu," alisema. "Tazameni kucha za wazee. Tazameni midomo kama imekauka. Tazameni visigino kama vina vidonda. Na mwende siku ambayo hamngojewi." Alipomaliza kusema, ndugu yangu aliuliza tu itagharimu kiasi gani.

Makao ya wazee si jambo geni kabisa nchini. Nyumba ya Wazee huko Kasarani, Nairobi, huendeshwa na watawa wa shirika la Little Sisters of the Poor. Mji wa Huruma uko chini ya serikali ya jiji hilo. Na huko Thogoto, Kikuyu, kuna makao ya Kanisa la Presbyterian. Aghalabu makao ya namna hii yalianzishwa kwa ajili ya wazee fukara wasio na wa kuwatazama. Shangazi hakuwa fukara wala mpweke, kwa hivyo tulitafuta miongoni mwa yale ya kulipia. Nilitembelea matatu. Sitayataja kwa majina, mabaya wala mazuri.

La kwanza lilikuwa mithili ya hoteli: vigae vinavyong'aa, maua langoni, runinga kubwa ukutani. Tuliambiwa shilingi 85,000 kwa mwezi. Ilikuwa saa nne za asubuhi, na wazee kumi na wawili walikuwa wameketi mbele ya runinga hiyo, wote wamelala, videvu vifuani. Nilimwuliza msimamizi kama huwa wanalala hivyo. "Tunawapa kitu kidogo cha kuwatuliza," alijibu kwa tabasamu. "Hawatusumbui." Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Mwaka wa 2005 idara ya Marekani inayosimamia dawa ilitoa onyo kwamba baadhi ya dawa za wagonjwa wa akili, zinapotumiwa kuwatuliza wazee wenye dimenshia, huongeza hatari ya kifo. Zipo nyakati ambapo daktari hulazimika kuzitumia, lakini chumba kizima kilicholala saa nne za asubuhi hakikuandikiwa dawa na daktari mwenye makini.

La pili lilikuwa la bei nafuu, shilingi 22,000, na wenyewe walikuwa wapole. Lakini usiku mhudumu alikuwa mmoja kwa wazee kumi na wanane, na vyoo vilikuwa chini ya ngazi saba. Niliwashukuru nikaenda zangu.

La tatu lilikuwa nyumba kuukuu ya mabati na sakafu ya saruji, yenye bustani ya kunde na mrenda. Njia ya kutembelea iliizunguka bustani na kurudi mlangoni, hivyo kwamba mzee anayependa kwenda aweze kwenda kutwa bila ya kupotea na bila ya kukutana na mlango uliofungwa. Mama aliyelisimamia hakuanza na bei. Aliniuliza shangazi alikuwa akifanya kazi gani, huamka saa ngapi, anapenda kuitwa nani, huogopa nini, husali vipi, na lugha gani humjia anapokasirika. Swali hilo la mwisho lilinishangaza. Alinieleza kuwa mgonjwa wa dimenshia aghalabu huanza kupoteza lugha alizojifunza baadaye, hata akabaki na ile ya utotoni. Walikuwa na mhudumu mmoja aliyetoka Vihiga. Bei ilikuwa shilingi 40,000. Nilirudi siku ya Jumapili saa mbili za usiku bila ya kutoa taarifa. Nilimkuta kijana akimlisha mzee mmoja uji, kijiko baada ya kijiko, akimngoja ameze kila mara. Nikazitazama kucha za mzee yule. Zilikuwa zimekatwa.

Ili safari yangu iwafae wengine, nitayataja mambo ninayoona kuwa ya lazima. Kwanza, uliza idadi ya wahudumu usiku badala ya mchana, kwa maana maradhi haya hukesha. Pili, uliza wanafanya nini mzee anapokataa kuoga, kula au kulala. Wakikujibu kwa kamba, kufuli au dawa, ondoka. Tatu, uliza ni nani huandika na kutunza dawa, na uombe kuona daftari lake. Nne, chunguza vyoo, ngazi, mwangaza na sakafu, kwani kuanguka huwavunja wazee nyonga. Tano, uliza watakavyofanya maradhi yatakapozidi, mgonjwa asiweze tena kutembea wala kumeza, ili usije ukaambiwa umwondoe siku ya shida. Sita, soma mkataba neno kwa neno, ujue nepi, dawa na safari za hospitali zinalipwa na nani. Saba, uliza saa za kuwatembelea wazee. Makao yanayokuwekea masharti mengi ya kumwona mtu wako yana la kuficha.

Kisha mchukue mgonjwa mwenyewe akapaone, akanywe chai hapo. Amesahau mengi, lakini bado anaijua sauti ya upole na sauti ya karaha.

Gharama tuligawana, tukaandika na kutia sahihi: pensheni ya shangazi yenyewe, mimi, ndugu yangu, na binamu aliyebeba fungu kubwa. Tulimpeleka mwezi wa Oktoba 2022. Tulibeba leso zake, blanketi yake, Biblia yake iliyochakaa, picha ya wazazi wake, na daftari moja jipya. Niliwaandikia wahudumu kurasa mbili kuhusu maisha yake. Alipofika langoni alishuka, akatazama huku na huko, akauliza, "Shule hii ina walimu wangapi?"

Singependa kumpumbaza mtu kwamba mambo yalikuwa rahisi. Kwa wiki tatu alilia kila nilipoondoka, na niliendesha gari nikilia pia. Watu wa kanisani walinisalimu kwa ubaridi. Februari 2023 alianguka bafuni akaumia bega. Lakini kabla ya saa moja kupita walikuwa wamenipigia simu na kunieleza ukweli wote, pamoja na kosa lao, kwamba sakafu ilikuwa na maji. Nikakumbuka uongo niliomwambia muuguzi kuhusu mkono wake. Makao yasiyo na ajali hayapo, kama ambavyo nyumba isiyo na ajali haipo. Unachotafuta ni watu wasiokuficha.

Serikali nayo ina deni. Mpango wa Inua Jamii humpa mzee aliyesajiliwa, mwenye miaka 70 na zaidi, shilingi 2,000 kwa mwezi. Fedha hizo zinamfaa anayehitaji unga, lakini haziwezi kumlipa mtu wa kukesha na mgonjwa. Jamaa zangu tulikuwa watatu wenye mapato na bado tulihema. Je, yule mchuuzi wa mboga ambaye mamake anapotea kila usiku, atamwacha na nani? Kila kaunti ingestahili kuwa angalau na kituo kimoja cha mchana ambapo mzee aweza kuachwa asubuhi na kuchukuliwa jioni, kama tunavyowaacha watoto wa chekechea. Na makao yote, ya umma na ya kulipia, yakaguliwe mara kwa mara bila ya taarifa, kama wanavyokaguliwa walimu.

Walimu wenzangu, katika majilisi zetu mna wenzetu wanaochelewa, wanaosinzia na kukasirika bure. Kabla ya kuwaandikia barua, tuwaulize nani yuko nyumbani. Nilifika shuleni kwa miezi minne na ufunguo ule mfukoni, na hakuna aliyeniuliza kwa kuwa nami nilijifanya buheri wa afya.

Nanyi wanafunzi, nina maneno mawili kwenu. La kwanza ni kwamba jopo la wataalamu lililochapisha matokeo yake katika jarida la Lancet mwaka wa 2024 lilikadiria kuwa karibu asilimia 45 ya visa vya dimenshia vingeweza kuzuiwa au kucheleweshwa. Miongoni mwa mambo yanayoongeza hatari walitaja kukosa elimu utotoni, shinikizo la damu, kisukari, uvutaji wa sigara, pombe kupita kiasi, majeraha ya kichwa, kutosikia vizuri na upweke. Kwa hivyo unapokaa darasani unajijengea akiba ya uzeeni, ingawa elimu si kinga kamili, kama shangazi anavyoonyesha. La pili ni kwamba nyanya yako akikuuliza jambo lile lile mara ya tano, mjibu mara ya tano. Usimcheke, na usikubali aitwe mchawi mbele yako.

Mimi huenda kumwona kila Jumamosi ya pili. Tangu mwaka wa 2024 hanijui kwa jina. Lakini kila asubuhi, baada ya uji, wahudumu humpa daftari lake, naye husimama na kuita majina. Mpishi huitika, bawabu huitika, wazee wenzake huitika. Huita majina ya watoto wa darasa la kwanza wa miaka ya sabini, wengine wao wakiwa wamekwisha kufariki, na daima yuko mtu wa kuwaitikia. Nikiwapo, hungoja hadi alitaje jina lolote ambalo halijapata mwenyewe, nikasimama nikasema, "Niko, Mwalimu."

Hutia alama daftarini, akaniambia niketi.